Basi Lingoje Treni Kibwezi

Tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017, tumesikia sifa nyingi juu ya mwendo wake. Sina nia ya kuzipinga. Swali langu ni moja tu: abiria akishashuka Kibwezi na sanduku lake, ilhali kwao ni Mutomo, afikeje nyumbani?

Reli ya kwanza ilipofika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa imekwisha kupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ikaiacha Kitui pembeni. Reli mpya nayo ilifuata upande uo huo. Makueni ikapata stesheni tatu za abiria, Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kitui, yenye wakazi 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019, haikupata hata moja. Zamani tungeambiwa kwamba hata barabara ya kutufikisha relini ni vumbi na mashimo. Sasa lami imetandazwa kutoka Kibwezi, ikavuka Mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Kinachokosekana ni ratiba.

Sisi walimu tunaujua uzito wa jambo hili siku ya kufungua shule. Mathalan, mwanafunzi wa Mombasa aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, hana hakika ya kupata gari Kibwezi. Basi huiangalia Kibwezi dirishani ikipita, akashuka Syokimau, akaingia mjini Nairobi kutafuta gari, kisha akarudi Ukambani kwa njia ya Machakos. Nauli hiyo ya ziada hutoka katika mfuko wa mzazi aliyekwisha kuuza mbuzi.

Wenye magari siwalaumu. Matatu huondoka inapojaa, si saa inapofika, na mwenye gari hununua mafuta kwa fedha taslimu. Hata hivyo, hapa hesabu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Treni inayosimama katika stesheni ndogo huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, na nyingine huondoka Mombasa saa iyo hiyo. Zote mbili hufika Kibwezi kabla ya alasiri. Gari moja likingoja stesheni kuelekea adhuhuri laweza kuwachukua abiria wa pande zote mbili.

Nani basi aliamuru lingoje? Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali kuu reli, na kaunti ikazipa usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hiyo kila upande waweza kusema kwamba umetimiza wajibu wake, naye abiria amesimama juani akibishana na mwenye bodaboda. Kitui na Makueni, pamoja na Machakos, zina umoja wao wa kiuchumi wa kusini mashariki. Sioni kazi inayoufaa umoja huo kuliko hii. Makueni itenge steji stesheni. Kitui ilipie viti vitakavyobaki vitupu kwa muhula mmoja. Chama cha wenye matatu kitakachopewa njia hiyo kiahidi kutoondoka kabla ya treni kufika. Nalo Shirika la Reli lipige simu treni ikichelewa.

Wapo watakaouliza kwa nini fedha za umma zilipie kiti kitupu. Nami nawauliza, abiria atajuaje kwamba gari lipo iwapo halikuwapo siku aliyolihitaji? Viti havitajaa mpaka watu waamini kwamba gari halikosi. Huko Uswisi mabasi ya manjano ya posta hupangwa kufuata saa za treni hata katika vijiji vya milimani. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo: Nairobi kwenyewe, treni ya mjini huwapeleka abiria Syokimau kwa saa zilizopangwa kulingana na Madaraka Express.

Emali na watu wa Wote wana kilio kama hicho, ijapokuwa njia yao ni fupi zaidi.

Shule hufunguliwa mara tatu kwa mwaka. Naomba kaunti hizi mbili zianze na siku moja ya kufungua, kwa basi moja, na bango la saa zake libandikwe katika stesheni ya Kibwezi na katika steji ya Kitui wiki mbili kabla.