Senti moja ya Marekani: Sura ilibadilika, hasara ikabaki

Na Mwandishi Wetu

HATUA ya Marekani kusitisha utengenezaji wa sarafu ya senti moja ya matumizi ya kawaida, Novemba 12, 2025 mjini Philadelphia, imehitimisha historia iliyoanza mwaka 1793.

Sura ya Abraham Lincoln iliwekwa mwaka 1909. Upande wa pili ulibadilika kutoka masuke ya ngano hadi jengo la kumbukumbu yake mwaka 1959, michoro minne mwaka 2009, kisha ngao mwaka 2010. Mwaka 1982 zinki ilichukua nafasi kubwa ya shaba ili kupunguza gharama.

Hata hivyo, katika mwaka wa fedha 2024 kila senti iligharimu takriban senti 3.7 kuitengeneza.

Zilizopo bado ni fedha halali. Lakini zikiadimika madukani, malipo ya taslimu hulazimika kusawazishwa kwa senti tano, ilhali mwenye kadi hulipa kiasi kamili. Canada, iliyoacha kusambaza senti yake mwaka 2013, ilielekeza bei ishuke au ipande kufuata tano iliyo karibu.

Bila utaratibu kama huo, haba na haba itajaza kibaba cha mfanyabiashara. Isitoshe, sarafu ya senti tano nayo iligharimu karibu senti 14 mwaka 2024.