Chupa tupu ndiyo daftari

Mwandishi, kwa mishkaki uliyoisifu ya ile baa ya hapo Posta nakuunga mkono: imeiva, ina ndimu, na kachumbari haijachacha. Lakini nenda siku ya Simba na Yanga uone. Unaagiza bia baridi, inakuja ya moto, tena imeshafunguliwa kaunta. Chenji ukiidai, "nakuja bosi", mpaka mpira unaisha. Siku hizi chupa tupu haziondoki mezani kwangu. Juzi bili ilisema saba, mezani zipo tano. Nilipozihesabu kwa sauti, dada akacheka, akakata mbili. Wahudumu siwalaumu sana, maana watatu hawatoshi baa nzima. Mwenye baa aongeze watu. Nanyi wasomaji, bia ifunguliwe mbele yenu, na risiti mdai.