Nusu siku isiyo na mwenyewe

Ikifika saa sita mchana, mitaa ya Kalemie, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hujaa mashati meupe na sketi za buluu. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi wanatoka, wa zamu ya mchana wanaingia, na mara nyingi wanakalia madawati yale yale. Zamu mbili zilianzishwa kwa kuwa majengo hayatoshi, na bila hizo watoto wengi wasingepata nafasi kabisa. Lakini zina gharama ambayo haiandikwi katika ripoti yoyote. Kila mtoto anabaki na nusu siku ambayo shule haina habari nayo, na nyumbani mara nyingi hakuna mtu, kwani mama yuko sokoni na baba yuko ziwani au bandarini.

Nusu siku hiyo haipiti hivi hivi. Shuka ufukoni ndagala wanakoanikwa. Utamkuta mvulana aliyelivua shati la shule akalikunja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na daftari lake, anageuza samaki mchangani wakauke pande zote mbili huku jicho moja likiwachunga kuku. Dada yake anapita na beseni la maandazi kichwani. Hapo hakuna mzururaji, wote wawili wanachangia chungu cha jioni. Kwa hiyo anayetaka kuwaanzishia vijana wa Kalemie programu ya baada ya masomo ajue mapema kwamba hashindani na uvivu, anashindana na njaa.

Je, programu hizo ni anasa? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ni nzito. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu wa Kongo ilitegemea prime, yaani nyongeza walizotoa wazazi. Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuiahidi. Watoto wakamiminika shuleni, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mzazi anayeona watoto wamebanana dawati moja ana haki ya kuuliza: kwa nini fedha ziende kwenye mpira na hadithi wakati darasa lenyewe linavuja?

Jibu langu ni kwamba darasa lililofurika ndilo linalotufanya tuhitaji saa za nje. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hawezi kumrudia yule aliyebaki nyuma katika kusoma, na Kifaransa kinapochukua nafasi ya Kiswahili kama lugha ya kufundishia, aliyebaki nyuma hupotea kabisa. Pratham, shirika lililoanza Mumbai katika miaka ya 1990, lilionyesha njia isiyo ghali: watoto wanapangwa kwa kile wanachokijua badala ya umri, kisha kila siku, kwa muda mfupi, wanafundishwa kusoma na kuhesabu kuanzia walipofikia. Zambia, jirani yetu wa ziwa hili hili, imeichukua njia hiyo katika shule zake za serikali, kwa lugha ambazo watoto huzizungumza. Haikuhitaji majumba mapya. Kalemie nayo inaweza kuanza na kundi dogo chini ya mwembe, kadi za herufi, na Kiswahili ambacho mtoto amekuja nacho kutoka nyumbani.

Elimu ni upande mmoja tu. Mkoa wa Tanganyika umebeba vita vya Waluba na Watwa vilivyoongezeka makali kuanzia 2016, vikawafukuza vijijini mamia ya maelfu ya watu. Wengi walikimbilia Kalemie na kandokando yake. Leo watoto wa pande zote mbili wanakua katika mji mmoja, na wengine wamerithi uadui ambao hawakuuanzisha. Kuwapa mpira na kungoja wapatane ni kujidanganya, maana timu inaweza kupangwa kikabila na mechi ikageuka vita vingine.

Hapa Mathare ya Nairobi ina somo. Chama cha michezo cha vijana cha huko, MYSA, kilichoanzishwa 1987, hakikuishia kwenye kabumbu. Timu inayosafisha mtaa hupata pointi zinazoingia katika msimamo wa ligi, kwa hiyo anayeshinda uwanjani lakini akakwepa ufagio anaweza kupitwa. Kalemie, ambayo maji ya ziwa na ya mto Lukuga yamekuwa yakiingia nyumbani mwa watu, ina mifereji mingi ya kuzibua. Timu zichanganywe kwa kura, wala si kwa kabila wala kwa mtaa, na jembe lihesabiwe pamoja na mabao.

Na njaa je? Robert Katende, aliyewafundisha watoto wa Katwe huko Kampala mchezo wa sataranji, aliwapa pia uji. Phiona Mutesi, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, alivutwa kwanza na kikombe hicho. Wapo watakaouita huo ushawishi. Mimi nauita busara: mtoto aliyeacha kuuza maandazi kwa saa mbili amekosa kipato, na uji unarudisha sehemu ya alichokosa.

Swali gumu zaidi ni la umiliki. Tumeona miradi mingi. Katika kambi za wakimbizi wa ndani zilipigwa hema za watoto zenye wanasesere na rangi, na fedha zilipokwisha, hema nazo zikakunjwa. MONUSCO yenyewe, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilifunga ofisi yake ya Tanganyika mwaka 2022. Siwalaumu waliokuja kusaidia, lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Kinachobaki Kalemie baada ya magari meupe kuondoka ni paruwasi, makanisa mengine, msikiti, shule na kamati zake za wazazi. Vyama vya vijana kama Skauti, Kiro na Xaveri vimelea vijana wa Kongo kwa miaka mingi bila kungoja mfadhili. Programu ijengwe humo, na mlango uwe wazi kwa wa dini zote.

Hata hivyo, kujitolea kuna mwisho wake. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Kalemie akikaa bila kazi atafundisha mwezi wa kwanza kwa moyo, wa pili kwa aibu, na wa tatu hutamwona. Alipwe, hata kama ni kidogo, ila kila mwezi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mamlaka za mitaa imeipa komini utu wa kisheria na bajeti yake. Komini inayotoza ushuru sokoni na kwenye mialo ya samaki inaweza kutenga fungu dogo kwa watoto wa wauzaji hao hao, na kulibandika ukutani ili wazazi waone limetumikaje.

Ratiba nayo ifuate maisha ya Kalemie. Kuwe na kundi la saa tatu hadi saa tano asubuhi kwa wanaosoma mchana, na la saa nane hadi saa kumi kwa waliosoma asubuhi. Wasichana wapewe saa zisizogongana na kuteka maji, na wawe wamefika kwao kabla ya giza. Anayekuja na mdogo wake mgongoni asirudishwe mlangoni. Kwa watahiniwa wa mtihani wa taifa, taa za jua katika chumba kimoja cha kila mtaa zitafaa kuliko hotuba kuhusu umeme wa mtambo wa Bendera.

Madarasa bado yanatakiwa, na mishahara ya walimu haina budi kulipwa. Lakini darasa likijengwa leo litachukua miaka kuondoa zamu mbili, na mtoto wa miaka kumi hatatungojea. Meya, wakuu wa komini, mapadri, wachungaji, maimamu na kamati za wazazi waketi pamoja kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, wachague ua mmoja katika kila komini, na walipe watu wawili. Mfadhili akitokea, aongeze. Asipotokea, kazi iwe imekwisha kuanza.