Kampeni ya kusambaa: mwenye machozi ameulizwa?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kulikoni. Nipo, mzima wa afya. Kilichoninyamazisha ni simu moja niliyopigiwa na jamaa yangu tuliyesoma naye uandishi wa habari. Mwenzangu aliachana na magazeti mapema, siku hizi yuko kwenye kampuni ya matangazo ya biashara hapa Dar es Salaam. Mimi bado nahangaika na malipo ya habari moja moja.

"Kaka, nina dili," akaniambia. "Mteja wetu anauza majiko ya gesi. Hataki tangazo la redio wala bango la barabarani. Anataka kitu kisambae chenyewe, kila mtu amtumie mwenzake kwenye simu."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Atafutwe mama ntilie anayepikia kuni, macho mekundu kwa moshi. Apigwe video kwa simu ya kawaida ili ionekane kama imepigwa na mpita njia. Alie kidogo. Halafu atokee kijana na jiko la gesi, amkabidhi, na mama apige magoti kushukuru. Watu 20 wenye wafuasi wengi waiweke mtandaoni kwa wakati mmoja, kila mmoja akijifanya ameiokota tu mahali. Kazi yangu ilikuwa mbili: kuandika gazetini kwamba tukio limetokea kweli, na kumshawishi mama ninayekula kwake kila mchana akubali kurekodiwa. Malipo yangelipa kodi ya chumba changu kwa miezi 6.

Siwadanganyi, sikukataa. Nilimwambia anipe siku mbili.

Ile namba 20 ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana nilishaikuta mahali. Inatoka kwenye kampeni ambayo wapangaji wengi wa kampeni za mtandaoni wanaijua, na ambayo ilituhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko walioitengeneza.

Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Invisible Children la San Diego, Marekani, liliweka mtandaoni filamu ya dakika 30 iitwayo Kony 2012. Ilimhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, kundi lililoanzia kaskazini mwa Uganda na kuteka maelfu ya watoto, wavulana wakafanywa askari na wasichana wakafanywa wake za wapiganaji. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ilikuwa imetoa hati ya kumkamata tangu 2005. Filamu ilitaka jina la Kony lijulikane dunia nzima ili akamatwe kabla ya mwaka 2012 kwisha. Ndani ya siku 6 ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100.

Wengi walidhani imetokea kwa bahati. Hapana, ilipangwa, tena kwa ustadi. Kwanza, shirika lile lilikuwa limezunguka kwa miaka mingi kwenye shule, vyuo na makanisa ya Marekani likionyesha filamu zake, kwa hiyo siku ya kwanza walikuwepo vijana wengi, miji mbalimbali, waliokuwa tayari kuisukuma kwa pamoja. Pili, lilichagua watu maarufu 20, akiwemo Oprah Winfrey na Rihanna, pamoja na watunga sera 12, na kila mtazamaji akapewa njia ya kuwatumia ujumbe kwa kubofya tu. Hebu fikiria watoto wa shule kwa maelfu wanabisha mlango wa Oprah kwa siku moja. Tatu, hadithi ilirahisishwa kabisa: baba anamweleza mwanawe mdogo kuwa kuna mtu mmoja mbaya na lazima akamatwe. Nne, mtazamaji hakuachwa mikono mitupu. Alikuwa na cha kufanya: kusambaza, kusaini, kununua boksi la bangili na mabango kwa dola 30, na kusubiri usiku wa Aprili 20 kwenda kubandika mabango hayo mjini kwake.

Ukitaka kujifunza namna ya kusambaza kitu, hapo una somo zima: watu walioandaliwa, watu maarufu, hisia moja kali, hadithi fupi, jambo rahisi la kufanya, na tarehe ya mwisho. Jamaa yangu alikuwa na vyote hivyo kwenye karatasi yake.

Sasa tuje kwenye gharama. Ili hadithi iwe fupi, kitu lazima kikatwe. Kony na watu wake walikuwa wameondoka Uganda tangu 2006. Mwaka 2012 walikuwa kwenye misitu ya Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Filamu ililigusa jambo hilo kwa haraka mno, na watazamaji wengi wakabaki wanaamini kwamba Uganda bado inaungua. Waziri Mkuu wa Uganda wa wakati ule, Amama Mbabazi, ilibidi naye atoe video kuueleza ulimwengu kwamba Kony hayupo nchini mwake. Mwandishi wa habari wa Uganda, Rosebell Kagumire, alijirekodi akiikosoa filamu hiyo kwa kuwaonyesha Waafrika kama watu wasiojiweza, wanaosubiri mgeni aje kuwaokoa.

Lakini linaloniuma zaidi ni la Lira. Mji huo uko kaskazini mwa Uganda, katikati ya eneo lililoumizwa na LRA. Watu wa huko walisikia kwamba dunia nzima inatazama filamu inayowahusu, na wengi wao hawakuwa na intaneti ya kuitazama. Shirika la vijana la hukohuko, AYINET, likaandaa maonyesho ya wazi tarehe 13 Machi 2012. Maelfu walikuja, miongoni mwao watu waliopoteza ndugu na watu waliokatwa viungo.

Wakatazama. Walichokiona ni baba wa Kimarekani na mwanawe, na jina la mtu aliyewaua ndugu zao likiwa limechapishwa kwenye fulana na bangili ili lipate umaarufu. Wakakasirika. Wengine wakarusha mawe. AYINET ikasitisha maonyesho mengine iliyokuwa imeyapanga. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wa Lira walikilalia kile kitanda miaka mingi, na waliulizwa mwisho, baada ya dunia nzima kumaliza kutazama.

Ilipofika Aprili 20, katika miji mingi walijitokeza watu wachache tu kubandika mabango. Moto uliowaka kwa siku 6 ulishazimika. Mwaka 2017 Marekani na Uganda zikaacha kumsaka Kony, na Septemba 2025 ICC iliposikiliza mashtaka dhidi yake ilibidi iketi bila yeye kuwepo.

Tuwe waungwana. Wapo vijana wengi duniani waliosikia habari za watoto wa kaskazini mwa Uganda kwa mara ya kwanza kupitia filamu ile, na hilo si dogo. Wala sisemi kwamba kila kitu kilichosambaa ni uovu. Mwaka 2010 kundi la muziki la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wa Ha-He yenye shujaa aitwaye Makmende. Jina hilo watoto wa Nairobi walishalitumia mitaani zamani kwa mtu anayejifanya mbabe. Wakenya wakalidaka, wakatunga vichekesho na picha za kwao wenyewe, na Makmende akawa wao. Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu na kuchangia utafiti wa ugonjwa wa ALS, na shirika la Marekani linaloshughulikia ugonjwa huo likapata dola milioni 115. Walioisukuma mbele kampeni ile ni wagonjwa wenyewe, Pete Frates na Pat Quinn. Machozi yalikuwa yao, na waliamua wenyewe kuyageuza kicheko.

Mnaiona tofauti? Mbinu zinafanana kila mahali. Swali ni nani mwenye hadithi, na kama ameulizwa.

Basi siku ya pili nikaenda kwa mama kula kama kawaida. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo kuna maharage na samaki." Wateja walipopungua nikamweleza mpango wote, bila kuficha kitu, hata malipo yangu. Akaendelea kusuuza sahani. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo nitalia?"

Nikamjibu ndiyo, kidogo.

"Na wanangu waliopo shuleni wataniona nalia kwenye simu za wenzao?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, mimi moshi unaniumiza macho kweli. Jiko nalitaka. Lakini napika hapa mwaka wa kumi na moja, sijawahi kumpigia mtu magoti. Waambie walilete hapa, nilipikie mwezi mzima mbele ya wateja. Likiwa zuri nitalisifu bure. Likiwa baya nitasema pia."

Tazama, mama ambaye hajakanyaga kampuni yoyote ya matangazo alikuwa ametoa mpango bora kuliko ule wa kwenye karatasi. Vibanda vyote vya jirani vingeliona jiko. Madereva wa bodaboda wanaokula pale wangepeleka habari nyumbani kwao. Ingesambaa polepole, lakini aliyeifikisha angekuwa anaijua.

Nikampigia jamaa yangu. Nikamwambia siandiki habari ya uongo, na nikampa wazo la mama. Akacheka. Akasema mteja hana mwezi mzima, anataka wiki. "Usijali kaka, tutapata mama mwingine."

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba yupo mama mwingine. Labda atalipwa kidogo, labda hataelezwa kwamba uso wake ukishaingia kwenye simu za watu hautoki tena. Mtaniambia jiko la gesi ni kitu kizuri. Kweli kabisa. Hata kumkamata Kony ni kitu kizuri. Uzuri wa lengo haukuwazuia watu wa Lira kurusha mawe.

Waswahili wana msemo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sipingi chema kusaidiwa kutembea, maana soko ni gumu na majiko hayajiuzi yenyewe. Ila nawaomba wenzangu wanaopanga kampeni hizi, na sisi waandishi tunaoombwa kuzipaka rangi ya habari, tuanzie Lira badala ya kuishia huko. Kabla ya watu 20 maarufu, mwonyeshe kwanza yule mmoja anayelia kwenye video. Akiitazama hadi mwisho na kusema sawa, isambaze utakavyo.

Kodi ya chumba bado sijalipa, mwenye nyumba ananitazama vibaya. Ukiona wiki hii video ya mama na jiko la gesi inapita kwenye simu yako, kabla hujaituma kwa mwenzako, nikumbuke. Na wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje? Niambie ukweli.