AFYA YA NYUMBANI: Pumzi za Mtoto Mchanga

Tarehe 7 Agosti 1963, John Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipata mtoto wa kiume, jina lake Patrick. Mtoto huyo alizaliwa majuma matano na zaidi kabla ya wakati wake, na mara pumzi zikawa nzito. Alipelekwa Boston kwa madaktari mabingwa, akawekwa katika chumba cha hewa iliyoshindiliwa, wala fedha haikuwa shida. Tarehe 9 alifariki. Leo watoto wengi wa hali ile hupona, nao si watoto wa marais.

Mapafu yana vifuko vidogo vingi sana, navyo hupakwa ndani utando mwembamba wa utelezi ili visigandamane. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hupungukiwa na utando huo. Kila atoapo pumzi vifuko hujifunga, na kila avutapo hana budi kuvifungua upya, hata achoke kabisa. Sababu hiyo ilielezwa na Dk. Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead mwaka 1959.

Mwaka 1971, Dk. George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza njia ya kusukuma hewa wakati wote ili vifuko visijifunge. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kwa chombo chepesi: hewa hupitishwa puani kwa mpira, na ncha nyingine ya mpira hutumbukizwa katika chupa ya maji. Kina cha ncha ile majini ndicho kipimo cha nguvu ya hewa, na mapovu yatokapo muuguzi hujua kwamba kazi inaendelea.

Lakini chombo cha hospitali hakimfai mtoto aliye bado nyumbani. Kwa hiyo yampasa kila mzazi kujua kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kifua chake kitazamwe kwa saa muda wa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili ni hatari. 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka. 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kadhalika ikiwa kifua chabonyea chini ya mbavu, au mtoto aguna kila apumuapo, au midomo ni ya buluu, au akataa kunyonya, asingojwe mpaka asubuhi. Njiani mtoto mchanga na afungwe kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi, asipatwe na baridi.

Wako wasemao, "Ni kifua tu," wakampaka mafuta na kulala. Mtu huyo huyo, ng'ombe wake akikohoa, humwita daktari wa mifugo siku ile ile. Je, mwanawe si zaidi ya ng'ombe?