Gari la Kitshanga na jina la mtu mwingine

Gari la kawaida linaloshusha maharage, viazi na jibini kutoka milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, lina wenyewe wawili. Mmoja ndiye anayelitia mafuta, anayemlipa fundi, anayelilaza uani kwake. Mwingine ni yule aliyeandikwa kwenye karte roze, kadi ya usajili wa gari. Huyo huenda aliliuza zamani, huenda siku hizi yuko Bukavu au Kampala, huenda alishafariki. Kati yao kuna makaratasi ya mauzo yaliyokunjwa moja ndani ya jingine, kila moja limeandikwa mezani mbele ya mashahidi na mbele ya komisioneri, yaani dalali, aliyekuwa akisubiri chake. Fuso imeuzwa mara tatu, karte roze haikuguswa hata mara moja.

Je, serikali ya Kongo ina haki ya kumdai mnunuzi ada ya kubadili jina kila gari linapotoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mwenzake? Na kama ina haki, imdai kiasi gani? Ukiwauliza wenye magari wa Kitshanga, mji wa Masisi, jibu ni fupi: tumechoka kulipa. Uchovu huo nauelewa. Lakini naona hasira imeangukia ada isiyostahili, maana kati ya malipo yote yanayolisubiri gari lililotumika, hiyo ndiyo peke yake ambayo ingeweza kumpa mnunuzi kitu cha kushika mkononi.

Tazama mengine. Kuna vinyeti, kodi ya magari iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo gari dogo hupimiwa kwa nguvu ya injini na lori kwa uzito. Pamoja nayo huja taksi maalumu ya kutembea barabarani. Kuna bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, ya lazima tangu 1973. Kwa miongo mingi bima hiyo iliuzwa na SONAS peke yake, mpaka sheria ya 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Kuna ukaguzi wa ufundi. Kuna mchango wa FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioundwa 2008, unaokatwa ndani ya bei ya mafuta na kwenye vituo vya kulipia barabara. Ukihesabu vizuri, mwenye gari analipia barabara kwa vinyeti, analipia tena kwa taksi ya kutembea, analipia tena kwa mafuta. Kisha anaingia njia ya Sake kwenda Kitshanga wakati wa mvua, anateremka kusukuma.

Hapo bado hatujafika kwenye bariere. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, pamoja na wenzao wa ASSODIP, walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakapata 798. Baadhi vilishikwa na wanajeshi, vingine na polisi, vingine na idara za kiraia, vingine na makundi yenye silaha. Masisi inajua vizuri jeto, yaani tiketi, anazokatiwa mpita njia, na inajua ile pesa ya kila mwezi iitwayo lala salama. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayowekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu hicho ni kizuri sana. Sijui kama kuna dereva aliyewahi kukisoma kwa sauti mbele ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili.

Basi mtu aliyekwisha kulipa yote hayo, akiambiwa kuna ada nyingine ya kuandika jina lake, na kwamba ofisi iko Goma, ataona nini? Ataona bariere nyingine, tofauti ni kwamba hii ina meza na muhuri. Tena sheria yenyewe inamsaidia kuikwepa. Katika Kongo mauzo yanakamilika pale muuzaji na mnunuzi wanapokubaliana kitu na bei. Ndivyo ilivyo tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo msingi. Na kwa vitu vinavyohamishika, sheria ya Julai 1973 inamhesabu anayekishika kitu kuwa ndiye mwenyewe, isipokuwa kikionekana kuwa kimeibwa au kupotea. Karte roze ni ushahidi wa kiutawala. Gari ni lako hata kama halina jina lako.

Kenya walichagua njia nyingine. Sheria yao ya barabarani inamhesabu aliyeandikwa kwenye daftari kuwa mwenye gari mpaka kithibitishwe kinyume chake. Kwa hiyo muuzaji ndiye anayehangaika: gari likigonga mtu kesho, barua ya wakili itamfikia yeye. Siku hizi muuzaji huanzisha hamisho kwenye mtandao wa serikali, mnunuzi huthibitisha, na jina linabadilika bila mmoja wao kupanda basi. Tanzania nao kwa miaka mingi walitoza ada ya hamisho ya shilingi 50,000, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na shilingi 10,000 za kadi mpya. Ile asilimia 1 ilikuwa na kasoro yake, kwamba inawavuta watu kuandika bei ya uongo, lakini mzigo wote ulijulikana kabla mtu hajatoka nyumbani. Zaidi ya hayo, katika bajeti ya 2017/18 waliifuta leseni ya kila mwaka ya gari wakaihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Asiyeendesha halipi, anayeendesha sana analipa sana, na trafiki amepunguziwa karatasi moja ya kudai dirishani.

Kongo wangeiga? Kwa Kinshasa au Lubumbashi ningesema ndiyo bila kusita. Kwa Kitshanga nasita kidogo. Mafuta ya huko mengi huuzwa na kadhafi, wachuuzi wa mafuta, kwenye chupa na vibido kando ya barabara, na yamepitia mipaka na mikono ambayo si rahisi kuifuata. Ukipandisha kodi ya mafuta, anayekusanya ni yule anayeushika mpaka, si mkoa unaopaswa kutengeneza njia. Na lita ya mafuta haiingii kwenye gari tu. Inaendesha kinu cha kusaga muhogo na mahindi, inaendesha pikipiki inayompeleka mama mjamzito hospitali. Hata hivyo kodi iliyofichwa ndani ya bei ina fadhila moja ambayo vinyeti haina: haimpi mtu mwenye bunduki sababu ya kulisimamisha gari.

Tatizo gumu zaidi ni lile la nani mwenye daftari. Kitshanga iliingia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 26 Januari 2023. Oktoba ya mwaka huohuo ikawatoka, kisha ikarudi mikononi mwao. Goma, ambako ofisi za kodi na za namba za magari zilikuwa, iliangukia mikononi mwao tarehe 27 Januari 2025. Tangu hapo kuna utawala wao unaokusanya kodi Goma na kuna serikali Kinshasa inayosema kodi hizo ni haramu. Wote wawili wanajua uzito wa kukusanya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba koltani ya Rubaya, katika Masisi hiyohiyo, iliipatia M23 si chini ya dola 800,000 kwa mwezi kwa njia ya ushuru tu, baada ya kuiteka mwaka 2024. Mbele ya hesabu kama hizo, ada ya kubadili jina la Noah moja ni makombo. Lakini kwa mnunuzi si makombo, kwa sababu akilipa upande mmoja, hakuna anayemhakikishia kwamba upande wa pili utaliheshimu jina lake siku njia zikifunguka.

Wapo wanaosema: basi katika hali hii kubadili jina ni upuuzi, tuendelee na makaratasi yetu. Mimi naona kinyume. Goma ilipoanguka, maghala yaliporwa na magari pia yalichukuliwa, ya mashirika na ya watu. Gari lililoporwa haliyeyuki. Linapakwa rangi, linapelekwa mbali na pale linapojulikana, linatafutiwa mnunuzi asiyeuliza sana. Na ile kanuni ya kwamba anayekishika kitu ndiye mwenyewe inaishia palepale wizi unapothibitishwa. Aliyetoa akiba ya ng'ombe watatu kununua Hilux anaweza kusimama siku moja mbele ya mtu mwenye nakala ya ushuru wa forodha na namba ya chasi ileile. Komisioneri wakati huo hashiki simu.

Ndiyo maana ada ya jina ingekuwa halali kabisa kama ingenunua kitu kimoja: mtumishi afungue daftari, aitafute namba ya chasi, amwambie mnunuzi kabla hajalipa bei kwamba gari hili halidaiwi wala halitafutwi. Huo ni utumishi, na utumishi una bei yake. Pale ambapo daftari limekatika vipande viwili na hakuna anayeweza kulifungua lote, ofisi haina cha kuuza zaidi ya kadi na wino, nayo itoze bei ya kadi na wino. Kudai sehemu ya thamani ya gari, au kumbebesha mnunuzi wa nne ada ambazo watatu waliomtangulia hawakulipa, ni kumrudisha kwenye makaratasi yake ya kukunja. Mkoa utasema unapoteza mapato. Mapato yapi, ikiwa wanaokuja kujiandikisha ni wachache? Ada ndogo inayolipwa na wengi ingeupa mkoa hata orodha ya magari yaliyopo, ambayo bila hiyo vinyeti itaendelea kudaiwa kwa wafu.

Kwa sasa mnunuzi anabaki kujilinda mwenyewe: namba ya chasi isomwe kwenye chuma na si kwenye karatasi, makaratasi yote ya mauzo ya nyuma yadaiwe pamoja na ya forodha, muuzaji aache nakala ya kadi yake ya mpiga kura, mashahidi wawe watu wanaopatikana. Hayo yote watu wa Kitshanga wanayajua.

Asiyezungumziwa ni muuzaji. Yeye ndiye ambaye jina lake linaendelea kutembea barabarani na gari lisilo lake, likipita kwenye bariere ambazo hajui, likibeba mizigo ambayo huenda siku moja ataulizwa. Leo, akitaka kujivua, lazima amngoje mnunuzi alipe. Sheria ingemruhusu atoe taarifa ya mauzo peke yake, bure, kwa karatasi moja yenye namba ya chasi na tarehe, ipokelewe hata kwenye ofisi ya shefferi (utawala wa kichifu) ya Bashali na kutunzwa hapo mpaka daftari lirudi kuwa moja. Hapo hakuna pesa ya kukusanya, na nahisi ndiyo sababu hakuna ofisi iliyowahi kulipendekeza jambo hilo.