Dhahabu ya Picha: Nani Ashika Mizani?



Mgeni akisikia jina la Shinyanga hukumbuka almasi, na akisikia Geita hukumbuka dhahabu. Wachache hukumbuka kwamba Shinyanga ilitoa pia mali isiyochimbwa kwa baruti. Ilimtoa Steven Kanumba, mchezaji na mtengenezaji wa picha za sinema. Leo twataka kusema juu ya kazi yake. Hatuji kulia msiba, maana machozi ya mwaka 2012 yalitosha. Twataka kuuliza swali moja tu: mtu wa kwetu anapochimba mali kwa akili yake mwenyewe, nani ashika mizani?

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha sekondari ya Mwadui, pale pale ambapo Dk. Williamson aligundua almasi mwaka 1940 na kuwa tajiri wa kusifika ulimwenguni. Baadaye akaenda Dar es Salaam kuendelea na masomo, na mwaka 2002 akaingia kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilionyeshwa kwenye televisheni na kutazamwa nyumba kwa nyumba. Hakuwa na mjomba mwenye studio. Alikuwa na kipaji na hamu ya kufanya kazi.

Asili ya hamu hiyo si ngumu kuiona. Nchi ya Wasukuma ni nchi ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma hushindana uwanjani, na anayewavuta watu wengi kwake ndiye mshindi. Huko mtu hujifunza mapema kwamba watazamaji ndio hakimu, na Kanumba alijua kuwavuta.

Lakini hakuridhika kuchezeshwa na wengine. Mwaka 2006 ilitoka Dar to Lagos, picha iliyowaunganisha wachezaji wetu na wa Nigeria. Akaendelea kuandika, kuongoza na kutengeneza, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film. Mwaka 2011 alimleta Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Wanigeria walikuwa wametutangulia mbali, naye akaona ni bora kukaa nao meza moja kuliko kuwahusudu kwa mbali. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, na viongozi wa juu wa Serikali walikuwamo. Umati wa namna hiyo hatujauona mara nyingi kwa mtu asiye na cheo.

Sasa tumtazame mtu mwingine wa kazi hiyo hiyo. Adolph Zukor alizaliwa Hungaria mwaka 1873, akaingia Marekani akiwa kijana wa miaka 16 na kufanya biashara ya manyoya ya wanyama. Hakuwa mchezaji wala mpiga picha. Lakini alipoingia katika sinema alitambua jambo moja: picha ina milango mitatu, yaani kuitengeneza, kuisambaza na kuionyesha. Kampuni yake ya mwaka 1912 ilitengeneza picha, na kampuni nyingine iitwayo Paramount ilizisambaza na kukata asilimia 35 ya mapato. Zukor hakukaa kulalamika. Kufika mwaka 1916 alikwisha kuitia Paramount yenyewe mkononi mwake, na tangu mwaka 1919 akaanza kununua majumba ya sinema. Milango yote mitatu ikawa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwake. Nguvu hiyo ilizidi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu mwaka 1948 iliyosababisha makampuni ya picha yatenganishwe na majumba ya sinema.

Hatumtaji Zukor ili aigwe kwa ulafi. Twamtaja ili msomaji aone kwamba katika biashara ya picha fedha hazifuati sura iliyo juu ya kioo. Humfuata aliyesimama mlangoni.

Nchi yetu yalijua jambo hilo zamani. Paramount hiyo hiyo ilikuja Tanganyika kupiga picha ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Mbuga zilikuwa zetu, wanyama wetu, vumbi letu, lakini picha haikuwa yetu. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza hapa picha ya Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Ndugu Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kijana aliyechezeshwa katika picha ya watu wengine aliweza kuongoza Serikali. Basi nani atasema kwamba Mwafrika hawezi kusimamia mambo ya picha?

Tatizo halikuwa uwezo, lilikuwa mlango wa pili. Katika biashara yetu ya picha za miaka ile desturi ilikuwa hivi: mtengenezaji akimaliza picha aliichukua nakala ya asili, ambayo wenyewe huiita masta, akaipeleka kwa msambazaji, akalipwa fedha za mara moja, na mara nyingi haki zote zikaenda pamoja na masta. Picha ikiuzwa nakala mia au laki, malipo ni yale yale. Ikirudiwa kuonyeshwa baada ya miaka kumi, mwenye jasho hana la kudai.

Watu wa Kahama na Geita hawahitaji kueleza zaidi. Wao walikwisha kuona makontena ya makinikia yakipita barabarani kwenda ng'ambo, mchanga ukiondoka na kila kilichomo ndani yake, mpaka ulipozuiwa mwaka 2017. Mwaka huo huo sheria ikaagiza Serikali ipate hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Masta ni makinikia ya msanii. Akiiuza yote bila kujua kilichomo, ameuza na kesho yake.

Wako watakaosema kwamba msambazaji naye alitia fedha zake, na bila yeye picha isingefika Katoro wala Nyarugusu. Ni kweli, na hatumwiti mwizi. Alikuwa na mtaji, alikuwa na magari na maduka, na wezi wa nakala walimwumiza yeye pia. Lakini mwenye kununua pamba naye alikuwa na mtaji, na haikuwa sababu ya kumwachia mizani peke yake.

Wengine watasema sinema ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Hao twawaomba wasimame usiku nje ya banda la picha katika kijiji chochote cha wachimbaji wadogo. Watamkuta mtu aliyeshinda shimoni kutwa nzima akitoa fedha yake aone maisha ya watu. Akiona ya Wamarekani na Wachina tu, ataamini kwamba maisha yake hayafai kusimuliwa. Hapa nasi twatoa lawama kidogo kwa upendo: picha nyingi za kwetu, za Kanumba zikiwamo, zilisema Kiswahili lakini zikapewa majina ya Kiingereza, zikapenda majumba na magari ya Dar es Salaam kuliko shimo, karasha na shamba la pamba. Lakini kijana aliyefanya kazi hiyo yote kwa miaka kumi hakupewa muda wa kuirekebisha.

Dawa ni ipi? Hatuna haja ya kuisafiria Hollywood, maana iko hapa hapa Kanda ya Ziwa. Wakulima wa pamba walipokuwa wakipunjwa kwenye mizani walianza kwa kuweka watu wao wa kuangalia uzito. Kisha wakaungana chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la Victoria, ambalo halikuishia kwenye mizani, bali lilifika kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Walianza na jicho, wakaishia na kinu.

Watengenezaji wa picha nao wafuate njia hiyo. Kwanza, asiwepo wa kutia sahihi mkataba ambao hakusomewa na mtu anayejua sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, lakini haimsaidii anayeuza haki yake bila kuisoma. Pili, waikodishe picha kwa muda na kwa eneo, wasiiuze milele. Tatu, waunde ushirika wa kusambaza, maana sasa biashara ya DVD imekufa, picha hutazamwa kwenye simu na televisheni za kulipia, na mlango wa pili unajengwa upya. Tusipouwahi, tutakuta tena wenye ufunguo ni wengine. Nne, shule zetu zifundishe daftari pamoja na jukwaa. Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pale Shinyanga na Geita wapo leo watoto wanaoigiza vichekesho mbele ya simu, jirani wakicheka. Hatujui majina yao bado. Wakubwa wao wasiwaulize tu kama wanajua kuchekesha. Wawaulize pia: picha hii, mwanangu, ni ya nani?